Maumivu Sugu ya Viungo na Madhara ya Dawa Zake: Kipi Kinatoka Wapi

Mtu anayeugua viungo kwa muda mrefu hufika mahali ambapo hawezi tena kutenganisha kinachomuuma na kinachomtibu. Asubuhi vidole havikunjiki, mchana tumbo linawaka, jioni mwili mzima umelegea, na usiku anajiuliza kama uchovu ule umeletwa na ugonjwa wenyewe, na kidonge alichomeza jana, au na usingizi uliokatizwa na maumivu. Wengi hulimaliza swali hilo kimyakimya. Wanaacha dawa, au wanapunguza dozi kwa kukisia, kisha siku ya kliniki wanasema wanaendelea kumeza kama walivyoelekezwa. Daktari naye, akikuta kiungo bado kimevimba, ana haki ya kuamini kwamba dawa imeshindwa, hivyo huongeza kipimo au huandika dawa kali zaidi. Mgonjwa anaishia kupewa dawa nzito kwa kosa la dawa nyepesi ambayo hakuinywa.

Njia ya kutoka humo ni kujua kipi kinatoka wapi. Madhara mengi ya dawa za viungo hayazuki ovyo. Yana njia yake mwilini, na mara nyingi njia hiyo ndiyo hiyohiyo inayoleta nafuu. Ukishaifahamu, unaweza kukadiria ni dhara lipi litaisha lenyewe baada ya wiki chache, lipi lina dawa yake, lipi haliwezi kuhisiwa hata kidogo mpaka damu ipimwe, na lipi ni la kukimbilia hospitali usiku huohuo.

Maumivu yenyewe kwanza

Kabla ya kuilaumu dawa ni lazima kujua inapambana na nini. Katika kusagika kwa viungo, gegedu linalofunika ncha za mifupa hulika polepole, mfupa ulio chini yake hubadilika umbo, na maumivu huongezeka kiungo kinapotumika na kupungua kinapopumzishwa. Ukakamavu wa asubuhi upo, lakini kwa kawaida hauzidi nusu saa. Katika baridi yabisi, mfumo wa kinga ya mwili hushambulia utando laini uliozunguka kiungo kwa ndani, na mambo huwa kinyume: kiungo huvimba na kupata joto, kukipumzisha hukifanya kikakamae zaidi, na asubuhi inaweza kupita saa nzima au zaidi kabla mtu hajaweza kufunga kifungo cha shati au kufungua kizibo cha chupa. Hali hiyo ya alfajiri ina sababu yake, kwani kemikali zinazochochea uvimbe hupanda usiku na kufika kileleni kunapokaribia kupambazuka, wakati homoni ya kortisoli inayozalishwa na mwili wenyewe haitoshi kuzituliza. Jongo nalo ni jambo jingine kabisa. Fuwele za asidi ya yuriki hujikusanya ndani ya kiungo, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, na shambulio huanza ghafla, aghalabu usiku, kwa maumivu yasiyostahimili hata uzito wa shuka.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua dawa. Dawa inayotuliza mfumo wa kinga haina kazi kwenye goti lililosagika, na kidonge cha maumivu, hata kikimezwa kila siku kwa miaka kumi, hakiizuii baridi yabisi kula mfupa. Mgonjwa asiyejua ana ugonjwa upi kati ya hii hawezi kupima kama madhara anayoyavumilia yanamlipa chochote. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari, kabla ya maswali yote kuhusu vidonge, ni jina kamili la ugonjwa.

Kuna chanzo kingine cha maumivu ambacho husahauliwa, nacho ni mfumo wa fahamu wenyewe. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ujumbe wa maumivu haupandi moja kwa moja kutoka kwenye jeraha hadi ubongoni, bali katika uti wa mgongo hupita penye lango linaloweza kufunguliwa zaidi au kufungwa, na ubongo una mkono katika kulifungua. Undani wa nadharia yao umerekebishwa tangu wakati huo, lakini msingi wake umebaki. Mtu aliyeumwa kwa miaka anaweza kufika hali ambayo lango hilo limebaki wazi: vipimo vya damu ni safi, viungo havijavimba, lakini mwili wote unauma, mguso mdogo unasumbua, na usingizi hauburudishi. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa, na anayeyasema hajitungii. Hata hivyo, kuongeza dawa ya kukandamiza kinga katika hali hiyo ni kuongeza madhara bila nafuu. Kinachosaidia zaidi ni mazoezi ya taratibu, kurekebisha usingizi, na wakati mwingine dawa za kutuliza mishipa ya fahamu, zikiwemo baadhi ya zile zinazotumika kutibu sonona. Mgonjwa anayeambiwa kwamba ugonjwa wake umetulia ilhali yeye bado anaumwa anapaswa kuuliza waziwazi kama hili ndilo linaloendelea, badala ya kudhani kwamba hakusikilizwa.

Vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe

Aspirini ilianza kuuzwa mwaka 1899, lakini namna inavyofanya kazi haikujulikana mpaka 1971, pale John Vane alipoonyesha kwamba inazuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1982. Ibuprofeni, diklofenaki, naproxeni na ndugu zao hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, kwa kukizuia kimeng'enya kiitwacho COX, ambacho ndicho kinachozitengeneza. Prostaglandini ndizo zinazoleta uvimbe na maumivu kwenye kiungo, na ndizo pia zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi na kuiachia damu nafasi ya kuingia kwenye figo. Dawa inapozizuia, inazizuia kote.

Kutokana na hapo mambo mengi yanaeleweka. Kumeza kidonge baada ya chakula hupunguza kiungulia na kichefuchefu, lakini hakuondoi hatari ya kidonda, kwa sababu sehemu kubwa ya dhara hupitia kwenye damu. Hata dawa ileile ikidungwa kwa sindano inaweza kutoboa tumbo. Kinachopunguza hatari hasa ni kutumia kipimo kidogo kinachotosha, kwa muda mfupi unaotosha, na kuongezewa dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli kwa mtu aliyepita miaka 65, aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Tatizo ni kwamba kidonda cha aina hii kinaweza kuvuja damu kabla hakijauma. Choo kikiwa cheusi na chenye kunata, au mtu akitapika kitu cha rangi ya kahawa, hakuna cha kusubiri.

Watafiti walijaribu kulikwepa tatizo la tumbo kwa kutengeneza dawa zinazozuia aina moja tu ya kimeng'enya hicho, ile inayohusika zaidi na uvimbe. Mojawapo, rofekoksibu, iliyouzwa kwa jina la Vioxx, iliidhinishwa Marekani mwaka 1999 na ikatolewa sokoni na kampuni ya Merck Septemba 2004, baada ya kuthibitika kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Tumbo lilikuwa limepata ahueni na mishipa ya moyo ikalipa. Dawa za kundi hilo zilizobaki bado zina nafasi yake, na hata zile za zamani, diklofenaki ikiwemo, zina hatari kwa moyo, kwa hiyo mwenye historia ya ugonjwa wa moyo hapaswi kujinunulia yoyote kati ya hizi bila ushauri.

Figo zinahitaji tahadhari ya pekee kwa mtu anayetibiwa pia shinikizo la damu. Kidonge cha uvimbe kikikutana na dawa ya kushusha presha ya jamii ya enalaprili au losatani, na hapohapo kukawa na dawa ya kukojosha, figo hubanwa kwa njia tatu kwa mpigo. Mtu huyo akipata kuhara au kutapika akaishiwa maji, figo zinaweza kushindwa kufanya kazi ndani ya siku chache. Kuna kosa jingine dogo linaloonekana kila siku: kumeza diklofenaki aliyoandikiwa na daktari pamoja na ibuprofeni aliyojinunulia, kwa kudhani kwamba majina mawili ni kazi mbili. Ni kazi moja, na madhara ndiyo yanayojumlishwa. Kwa goti au kidole, jeli ya kupaka ya dawa hizohizo huingiza kwenye damu sehemu ndogo tu ya kile ambacho kidonge kingeingiza, na kwa kiungo kilicho karibu na ngozi nafuu yake ni ya kutosha kabisa kuanzia hapo. Nashangaa kwamba mara nyingi huandikwa mwishoni badala ya mwanzoni.

Parasetamoli haiko katika kundi hili. Haigusi uvimbe sana, na nguvu yake kwenye goti lililosagika ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, lakini ni rafiki wa tumbo. Kikomo cha mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wenye uzito mdogo, wanywaji wa pombe na wenye ugonjwa wa ini huwekewa kikomo cha chini zaidi. Mtego wake ni kwamba imefichwa pia ndani ya dawa nyingi za mafua.

Steroidi

Septemba 1948, katika hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani, Philip Hench na wenzake walimdunga kortisoni, homoni ya jamii ya steroidi, mwanamke kijana aliyelemazwa na baridi yabisi, na ndani ya siku chache akawa anatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobeli. Shangwe ilipoa haraka, kwa sababu vipimo vikubwa vilivyotumika siku zile vilivimbisha nyuso, vilipandisha sukari, vilidhoofisha mifupa na kuvuruga akili, na dawa ilipoachwa ugonjwa ulirudi.

Prednisoloni inayotumika leo ni ya ukoo huohuo. Kazi yake bora ni ya muda: kuzima moto wakati dawa ya kudumu, ambayo huchukua wiki kadhaa kuanza kazi, bado haijakolea. Maudhi yake huongezeka kwa kipimo na kwa urefu wa muda. Usingizi huvurugika, hivyo dozi humezwa asubuhi. Hamu ya kula hupanda, sukari hupanda kwa mwenye kisukari, na mifupa huanza kupoteza uimara mapema, katika miezi ya kwanza, ndiyo sababu anayetarajiwa kuitumia kwa miezi mitatu au zaidi hufikiriwa pia kwa kalisi, vitamini D, na pengine dawa ya kulinda mifupa.

Jambo moja kuhusu dawa hii halina mjadala. Mtu aliyeimeza kila siku kwa zaidi ya wiki tatu hivi asiiache ghafla. Tezi zilizo juu ya figo, ambazo hutengeneza kortisoli ya mwili, huwa zimepunguza kazi kwa kuona inaletwa kutoka nje, na huhitaji muda kuamka. Dawa ikikatwa kwa siku moja, mtu anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, kushuka shinikizo la damu, na hata kufa, hasa akipatwa na homa kali au upasuaji katika kipindi hicho. Hushushwa kidogokidogo, na miligramu chache za mwisho ndizo zinazochukua muda mrefu zaidi.

Methotrekseti, dawa ya mara moja kwa wiki

Kwa baridi yabisi, methotrekseti ndiyo mhimili. Ilianza kama dawa ya saratani, na kwa viungo hutumika kwa kipimo kidogo sana, kwa kawaida kati ya miligramu 7.5 na 25. Kipimo hicho ni cha wiki nzima, si cha siku. Vifo vingi vilivyotokana na dawa hii kwa wagonjwa wa viungo vilitokea kwa sababu mtu aliimeza kila siku, ama kwa kosa la maandishi, ama kwa mazoea ya kumeza vidonge kila asubuhi. Dawa ikiingia kila siku, uboho wa mifupa huacha kutengeneza chembe za damu na utando wa mdomo hubabuka. Chagua siku moja, iandike kwa kalamu nzito juu ya boksi, na waambie wa nyumbani ni siku gani. Kiboksi chenye vyumba vya siku saba hakifai kwa dawa hii iwapo anayekijaza ni mtu mwingine asiyejua habari yake.

Dawa huanza kuonyesha kazi baada ya wiki 6 hadi 12, wakati maudhi huanza wiki ya kwanza. Nadhani hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na ni rahisi kuelewa kwa nini: kwa miezi miwili mgonjwa analipa gharama yote bila kuona bidhaa. Kichefuchefu, mdomo wenye vidonda vidogo, nywele kukatika na uchovu wa siku moja au mbili baada ya dozi ndiyo malalamiko ya kawaida, na mengi yake hutokana na dawa kuzuia matumizi ya vitamini iitwayo foliki katika chembe zinazozaliana haraka. Kwa sababu hiyo huandikwa asidi ya foliki, ambayo hupunguza maudhi hayo na kuikinga ini bila kuiharibu kazi ya dawa kwenye viungo. Ratiba yake hutofautiana. Madaktari wengi huikwepesha na siku ya methotrekseti. Mgonjwa ambaye hakuandikiwa asidi ya foliki anapaswa kuuliza kwa nini.

Zaidi ya hapo zipo hatua kadhaa kabla ya kukata tamaa. Dozi ikimezwa usiku, kichefuchefu kinaweza kupita mtu akiwa usingizini. Kuna madaktari wanaoigawa dozi kubwa mara mbili ndani ya siku ileile. Sindano ya chini ya ngozi huwafaa wengi ambao tumbo lao lilikataa vidonge, na kwa vipimo vikubwa huingia mwilini kwa uhakika zaidi. Yote haya hufanywa na daktari, lakini daktari hawezi kuyafanya kama hajaambiwa kwamba Alhamisi zote za mgonjwa wake zinaishia kitandani.

Madhara mazito ya methotrekseti hayahisiwi mwanzoni. Ini na uboho huonyesha shida kwenye damu kabla mtu hajajisikia vibaya, kwa hiyo damu hupimwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 katika miezi mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya wiki 8 hadi 12. Kujisikia vizuri si sababu ya kuruka kupimwa damu huko. Pombe hubebesha ini mzigo wa pili. Dawa huharibu mimba, hivyo mwanamke anayetaka kushika ujauzito huiacha kabla, kwa muda ambao daktari atauweka. Na kuna dawa moja ya kawaida sana ambayo haipaswi kukutana nayo, kotrimoksazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Septrin na huimeza kwa kikohozi au mkojo unaochoma bila kufikiri mara mbili. Zote mbili hugombania foliki ileile, na pamoja zinaweza kuangusha chembe za damu hadi mahali pa hatari. Anayeandikiwa antibiotiki yoyote aseme kwanza kwamba anatumia methotrekseti. Kikohozi kikavu kinachoambatana na kukosa pumzi, homa yenye vidonda vya mdomo, au michubuko isiyo na sababu ni ishara ya kuruka dozi inayofuata na kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Nyinginezo kwa ufupi

Haidroksiklorokwini, iliyotokana na dawa za malaria, ni mojawapo ya dawa pole zaidi katika orodha hii. Dhara lake linaloogopwa ni la retina ya jicho, nalo hutegemea kipimo na miaka: ushauri wa sasa ni kutozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na kupima macho kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, au mapema zaidi kwa mwenye figo dhaifu. Salfasalazini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, jambo lisilo na madhara lakini ambalo lingefaa kusemwa mapema kuliko kumwacha mtu agundue chooni, na hupunguza mbegu za kiume mpaka itakapoachwa. Dawa za kibayolojia zinazozuia kemikali iitwayo TNF, ambazo zilianza kuidhinishwa mwaka 1998, zimewarudisha wengi kazini, lakini kemikali hiyo ndiyo inayosaidia mwili kuifungia kifua kikuu kilicholala. Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza hupimwa kifua kikuu na homa ya ini aina ya B, na baadaye chanjo zenye virusi hai huepukwa.

Kwa jongo kuna kinyume kinachowakatisha wengi tamaa. Alopurinoli, dawa inayoshusha asidi ya yuriki, inaweza kuleta mashambulio zaidi katika miezi ya mwanzo, kwa sababu fuwele za zamani zinapoyeyuka hutikisika na kuuchokoza mwili. Mgonjwa hudhani dawa imemdhuru, kumbe inafanya kazi. Ndiyo maana huanzwa kwa kipimo kidogo, miligramu 100 au chini ya hapo, na huambatanishwa na kolkisini kidogo, dawa ya kuzuia mashambulio hayo, kwa miezi kadhaa. Upele, hata hivyo, hauna uvumilivu wa namna hiyo: anayetumia alopurinoli akatokwa na upele aiache mara moja na kumwona daktari, kwa sababu athari yake ya mzio, ingawa ni adimu, inaweza kuua.

Kuisoma karatasi iliyomo kwenye boksi

Karatasi hiyo huwatisha watu kwa sababu huorodhesha kila kitu. Katika karatasi zinazofuata mpangilio wa Ulaya, maneno yana tarakimu nyuma yake. Dhara la kawaida sana ni lile linalompata mtu 1 au zaidi kati ya 10. La kawaida, kati ya 1 kwa 10 na 1 kwa 100. Lisilo la kawaida, hadi 1 kwa 1,000. Adimu, hadi 1 kwa 10,000. Na adimu sana ni chini ya hapo. Vivyo hivyo, habari inayosema kwamba dawa fulani huongeza hatari maradufu haina maana mpaka ujue maradufu ya nini. Kutoka mtu 1 hadi watu 2 kwa kila 10,000 ni maradufu, na kutoka 10 hadi 20 kwa kila 100 ni maradufu vilevile.

Tena, katika majaribio ya dawa, watu waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake nao huripoti uchovu, kichwa kuuma na kichefuchefu. Kutarajia dhara kunaweza kulileta. Hilo halimaanishi kwamba mgonjwa asisome. Ni sababu ya kusoma pamoja na mtu anayejua, kisha kutumia daftari badala ya kumbukumbu.

Daftari hilo halihitaji ufundi. Ukurasa wa mtu anayemeza methotrekseti Jumatano unaweza kuwa na mistari hii: Jumatano usiku dozi; Alhamisi kichefuchefu hadi saa nane mchana, vidole vilikunjika baada ya dakika 50; Ijumaa hakuna kichefuchefu, dakika 40; Jumamosi dakika 40, nilibeba mizigo; Jumapili goti limevimba, dakika 90. Baada ya wiki nne ukurasa huo unasema mambo ambayo mdomo hausemi. Kichefuchefu kinachofuata dozi kila Alhamisi ni cha dawa. Goti lililovimba siku moja baada ya mizigo lina sababu yake. Uchovu ulioanza mwaka mmoja kabla ya dawa yoyote hauwezi kuwa wa dawa, na pengine ni upungufu wa damu unaotokana na ugonjwa wenyewe. Kipimo cha dakika za asubuhi nacho ni kigezo kizuri cha kujua kama dawa inafanya kazi, kwa sababu hushuka taratibu kiasi kwamba mwenyewe hakumbuki alikuwa wapi.

Yasiyomezwa

Kila nafuu inayopatikana bila kidonge hupunguza kidonge kinachohitajika, na kwa goti lililosagika mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja yana ushahidi mzuri kuliko vingi vinavyouzwa dukani. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika. Yakiwa bado yamezidi kesho yake, zoezi lilikuwa kubwa mno, lipunguzwe bila kuachwa. Utafiti uliochapishwa 2005 kwa watu wenye uzito mkubwa na magoti yaliyosagika ulionyesha kwamba kila kilo inayopungua mwilini hupunguza takriban kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Joto husaidia ukakamavu, baridi husaidia kiungo kilichovimba.

Lililo gumu zaidi ni kugawa nguvu. Siku yenye nafuu mtu hufua, hufagia, hupanga na kutembelea, kisha hulala siku tatu, na anapoamka hulaumu dawa. Kufanya nusu ya kazi siku njema na kidogo siku mbaya kunaudhi, hasa kwa aliyezoea kumaliza alichoanza, lakini mwisho wa wiki kazi iliyofanyika huwa nyingi zaidi.

Kuhusu dawa za asili zinazotangazwa kuponya viungo ndani ya siku mbili, sina ugomvi na mimea. Ugomvi ni na kisichoandikwa kwenye chupa. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kuhusu virutubisho vya viungo vilivyokutwa na diklofenaki na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, bila kutajwa popote. Bidhaa ya asili inayoleta nafuu ya haraka kupita kawaida, uso ukaanza kuvimba na hamu ya kula kupanda, ichukuliwe kuwa na steroidi ndani, na isiachwe ghafla bila daktari, kwa sababu ileile ya tezi zilizolala.

Ugonjwa ukishatulia kwa miezi mingi, mgonjwa ana haki ya kuuliza kuhusu kupunguza dawa, na ni bora aulize kuliko kujaribu peke yake. Kwa baridi yabisi, steroidi hushushwa kwanza, kisha dawa nyingine, moja baada ya nyingine, ili ugonjwa ukirudi ijulikane ni hatua ipi iliyourudisha. Baadhi hufika kwenye kipimo kidogo na kubaki hapo kwa miaka. Baadhi viungo vyao huvimba tena na kurudishwa kwenye kipimo kilichowafaa.